Jogoo ya Chine

Beni, commune ya Beu,
tarehe 16 novemba 2025

Mupendwa mudogo yangu Élisée,

Jambo sana huko Kinshasa. Natumaini hii barua itakukuta muzima, bibi yako Elsa muzima, na batoto Jordy na Bénie banasoma muzuri. Ile mafua yako ya baridi ya climatiseur, kule bureau ya kazi, iliisha? Na jino? Unaona, nimeuliza yote, sikuacha kitu. Sasa wewe utauliza sisi huku tuko namna gani, na zaidi mimi niko namna gani. Hiyo nitajibu kule chini. Usiruke ukurasa.

Barua unaipokea ku mikono ya mwalimu Bertrand, ule Mukasai mupangaji wa jirani yangu, anaenda likizo kwao na anapitia Kinshasa. Nimemulomba asimame pale mupaka umalize kusoma. Ni mutu wa adabu, hatakuuliza kitu, lakini hataondoka. Utajiuliza: dada yangu Hulda iko na téléphone, karatasi ya nini? Ni juu mimi na wewe ku téléphone tunadanganyana, mudogo yangu, na tukianza kukaribia kweli, réseau inakatika.

Siku tulimaliza kuzika yaya yetu Nzanzu, kaka yetu mukubwa, uliniandikia ku WhatsApp: «Dada, mbona hamukuniambia kama hali ilikuwa mubaya vile?» Ukaongeza na kale kasura kanalia. Ile neno imekaa mu tumbo yangu kama bugali mubichi. Leo naitoa. Kaa chini.

Yaya alikuwa na prostate. Nimeiandika hivyo: prostate. Mukojo ulikuwa unamukatalia. Alikuwa anasimama ku choo mupaka miguu inatetemeka, kunatoka matone tu, kisha akilala analowanisha kitanda. Yeye Nzanzu, mwenye magazini ya kuuza bintu mu galerie ya maduka pale Butembo, mwenye kuvaa kikoti hata jua ikiwaka! Précieuse, bibi yake, alikuwa anaanika mashuka ndani ya nyumba ili majirani basione. Munganga alisema wazi: apasuliwe, hiyo ni kazi banafanyaka kila juma, atapona na atarudia ku biashara yake. Kisha akataja bei.

Bei njo ilikuwa ugonjwa ya pili. Yaya hakukuwa na kitu mu mukono. Franga yake yote ilifungiwa mu banki kule Goma tangu vita iingie, na shamba yetu ya Kipese, kwa hizi siku za vita, hakuna mutu anataka hata kuisikia. Lakini wewe unajua Butembo. Mufanyabiashara akisema «nagonjwa», bale banamukopeshaka banakuja na sura ya huruma, kumbe macho inahesabu bidhaa. Akisema «sina franga», habaji tena. Yaya alikuwa na yote mbili, na yote mbili haikusemeka.

Hapo njo uliingia wewe na akili yako ya Kinshasa. Ulipiga simu, ukasema: museme alienda Chine, kwa Bachina, kununua bintu, Guangzhou, hakuna mutu atauliza. Nilikuambia: Élisée, na kumupasua je? Ukajibu: hiyo tutaona, kwanza jina ya jamaa ibaki safi. Basi furahi. Jina ya jamaa iko safi kabisa leo. Tumeiandika ku musalaba, na hakuna mutu atapita kuichafua.

Banganga bakamuwekea mupira na sashe ya kupokea mukojo. Akavaa kikoti yake ndefu juu, akapanda taxi asubuhi, akafika kwangu hapa Beu, nikamuingiza mu chumba ya nyuma. Hiyo njo ilikuwa Chine: matofali bila crépi, haijapakwa kitu, na dirisha moja yenye kuangalia kizizi ya mbuzi. Kuficha mugonjwa, sisi ba Beni tulijifunza wakati wa Ebola. Wakati ule ni woga ilitufundisha. Mara hii ilikuwa haya, na haya hata haikungojea mutu agonge mulango.

Ili batu baamini, yaya alikuwa anatumia bale ba galerie sauti ku WhatsApp. «Bandugu, huku Guangzhou bei imepanda.» Anasema vile amekaa ku kitanda, sashe inaning'inia pembeni, na mimi namushikilia téléphone kama mujinga. Siku moja, katikati ya bei ya bâche, zile turubai, jogoo yangu akawika. Akawika yote, akamalizia na mukia wa sauti. Na sauti ilikwisha kuenda! Malachie, jirani yake wa magazini, shemasi wa kanisa, akajibu na heshima zake zote: «Aksanti yaya. Utusalimie jogoo ya Chine.»

Yaya alitoka jasho. Mimi nilitoka inje na kisu. Ule jogoo alikuwa wa mbegu, nilimutoa Eringeti mu kikapu, nilimubeba ku magoti njia muzima. Nikamuchinja juu ya bongo yako, ule uongo wako wa Chine, Élisée. Yaya akakunywa muchuzi, akasema nimezidisha chumvi.

Kisha batu ba galerie bakaanza kuja kwa Précieuse na bahasha. Desturi unaijua: mumoja akienda kununua, bengine banamupa franga ili abawekee kitu mu container yake. Malachie alikuja wa kwanza. Akasema, mupelekee Nzanzu hii, anitilie kitu mu container. Kitu gani? Achague mwenyewe, na asiharakishe. Mwingine akaja: achague mwenyewe, asiharakishe. Hata muzee Omer wa kanisa, mutu hajauzaka hata kiberiti tangu azaliwe, alileta yake ya container!

Mimi na wewe tulikomalia Butembo. Ni wapi uliona mufanyabiashara wa Butembo anatoa franga bila kusema anataka bâche ao pagne, rangi gani, kipimo gani, na itafika lini? Bale batu, ukibauzia musumari, banauliza ilitengenezwa na nani! Ilipashwa tushituke. Hakuna mutu alishituka. Tulikuwa na kazi mingi ya kudanganya, hatukupata nafasi ya kusikiliza.

Précieuse akafungia bahasha zote mu coffre ya chuma, akaandika jina ya mwenyewe juu ya kila moja. Nilimuambia yaya: tukamate hii tukupasulishe, ukipona utabarudishia. Akakasirika vile sijamuona. Akasema, franga ya mutu mimi sikule, nikipona nitaenda Chine ya kweli, nitabaletea bintu yabo. Na wewe ukapiga simu kuunga mukono: musiguse franga ya batu, ni haya. Donc, basi, coffre ilijaa kule Butembo, na mwenye coffre alikuwa anaoza huku Beni.

Ulikuwa unapiga kila siku ya Mungu, kila jumapili, kisha kutoka kanisa, hiyo sikunyime. Lakini tukumbushane tulikuwa tunasema nini.

– Yaya iko namna gani?

– Anaendelea.

– Mungu asifiwe. Na wewe, dada?

– Maisha imekuwa nguvu, inatubana, mudogo yangu.

– Hata huku, dada, maisha iko nguvu.

Kwisha. Ile «maisha imekuwa nguvu» njo ilikuwa mimi nakulomba franga ya kumupasua. Na ile «hata huku» yako njo ilikuwa wewe unanikatalia. Usiniambie hukuelewa. Ulielewa. Wewe ni Munande kama mimi, hata ukivaa kravati. Tulisikilizana muzuri sana, bila kutaja kitu, kisha tukasema amen na ukaenda kula.

Na usifikiri najitoa ndani ya kosa. «Anaendelea» ilikuwa kinywa yangu. Na kweli alikuwa anaendelea: mukojo ikageuka rangi, homa ikapanda, miguu ikavimba, figo ikafunga kazi. Siku ya mwisho alinilomba nifungue dirisha. Akasema, «Hulda, unirudishe Butembo.» Nikamuambia, batu batakuona. Akasema, «Baone.» Nikamuambia kesho. Kesho alienda, lakini mu sanduku.

Hata hapo akili yako haikuchoka! Ulipiga simu maiti haijapoa: museme alitelemukia Entebbe na ndege, akagonjwea mu njia. Tukasema vile. Communiqué ikapita ku radio: amefariki akitoka safari ya biashara. Butembo muzima ikakuja ku kilio. Bakalia muzuri, bakaimba muzuri, na hakuna mutu aliuliza ni musafiri gani anarudia kutoka Chine bila hata valise.

Sasa sikiliza hii, juu hii njo sababu nimenunua karatasi.

Kisha kuzika, Précieuse aliita benye bahasha mu salon. Mimi nilikuwa pale, nagawa chai. Akapanga bahasha zote ku meza, na majina juu, zimefungwa kama siku zilikuja. Akasimama, kichwa juu, kilemba nyeusi, akasema: bwana yangu hakukula franga ya mutu, kila mutu achukue yake. Maskini, alikuwa na kiburi muzuri siku ile. Ilikuwa kitu moja ya mwisho alibakia nacho.

Malachie hakunyosha mukono. Alisoma jina yake juu ya bahasha. Kisha akasema polepole:

– Mama Précieuse, hii haikuwa ya bâche.

Précieuse akauliza ilikuwa ya nini basi, ya pagne?

– Siku ile alipanda taxi ya Beni, sisi tulikuwa tunafungua magazini. Tulimuona. Alikuwa anakamata sashe chini ya kikoti. Tungesema nini, mama? Tumuambie mukubwa kama Nzanzu, shika hii upasuliwe kule chini? Alisema Chine. Sisi tukamufuata Chine.

Muzee Omer akaitika na kichwa, macho ku magoti. Bengine bote vilevile. Balijua, Élisée. Bote balijua tangu siku ya kwanza. Ile bahasha ilikuwa ya munganga. Tangu mwezi wa kwanza wa ile Chine ilikuwa inatosha kumupasua, kumulisha, na kumurudisha nyumbani na taxi ya kukodi. Bao banasema: mbona hajapasuliwa, na franga tumetoa? Sisi tunasema: tufe, lakini tusikule franga ya batu. Yaya yetu akafa pale katikati, na kila mutu alikuwa na adabu.

Nilicheka. Andika hiyo mu kichwa yako: Hulda alicheka mu kilio ya kaka yake, birika ya chai mu mukono, mupaka batu bakafikiri nimeingiliwa na pepo. Nilifikiri jogoo yangu. Jogoo yangu peke yake njo alisema kweli mu hii jamaa, na nilimukata shingo.

Précieuse yeye hakucheka. Alikaa chini polepole kama mutu ambaye banamuondolea kiti. Kisha akasukuma bahasha kwa Malachie. Malachie akairudisha: ni ya mugonjwa, sikule ya mugonjwa. Précieuse akaisukuma: ni yako, jina yako iko juu. Basi ikaanza kutembea ku meza, huku na kule, kila mutu anaangalia pembeni na kila mutu anatafuta neno muzuri ya kuifunika. Na nikaona itarudi mu coffre, ioze pale.

Hapo nikaweka birika chini. Nikasema: munipe mimi. Niko na kivimbe ku ziwa ya kushoto, hapa ku kifua.

Wee! Ungeona. Neno «ziwa», mu salon, mbele ya bashemasi! Muzee Omer akaanzisha wimbo, hapohapo, bila hata kutafuta ufunguo wa sauti, na bengine bakamurukia na sauti zote kama batu benye kuzima moto. Nikangoja. Bakaimba ubeti ya kwanza, bakaimba zote, bakarudilia kitikio. Balipomaliza pumzi nikasema tena: ziwa ya kushoto. Kivimbe iko nguvu kama kokwa ya avoka. Tangu mavuno ya mahindi nilikuwa nasema ni mugongo. Munganga amekwisha kupima, ni cancer, na ametaja bei, na bei yenyewe ni hii. Nikaitaja. Sasa mutu ambaye anataka kuimba aimbe.

Hakuna aliimba. Malachie akakamata bahasha yake, akanisogezea, akasema na sauti ndogo, macho ku dari:

– Mama Hulda, hii… utaweka mu biashara yako, biashara ya…

Ile mutu! Kaburi ya yaya haijakauka, na tayari alikuwa ananipeleka Chine na mimi! Nikamukamata mukono pale juu ya bahasha. Nikamuambia: hapana, shemasi. Sema ni ya nini. Usiposema sikamate, na nikifa utakuja kulia hapahapa na utaimba.

Jasho ikamutoka kama yaya siku ya jogoo. Précieuse njo alimuambia, na sauti sijaisikiaka mu kinywa yake, ya mwanamuke aliyeanika mashuka ndani ya nyumba:

– Semeni, Malachie. Semeni!

Akasema. «Ya kupasua… ziwa.» Dunia haikuanguka. Chai haikumwagika. Mwingine naye akasogeza yake, akasema. Na mwingine. Muzee Omer alikuwa wa mwisho, alisema kama mutu anameza dawa ya minyoo, lakini alisema, kisha akalia. Hapo njo alimulilia Nzanzu kilio ya kweli.

Donc utaona sikuandikie juu ya franga. Franga nilipata. Ile ulituma ku kilio tulinunulia chai na mukate, aksanti, mukate ilikuwa muzuri.

Sasa jibu yako. Unauliza mimi niko namna gani. Nitapasuliwa juma ijayo, pale Butembo, na nitaingia ku mulango ya mbele, mu mwangaza, na pagne yangu ya kanisa. Banakata ziwa yote, habaachi kitu. Munganga anasema nilichelewa, lakini sikuchelewa kabisa. Niko na woga, Élisée. Niko na woga mingi. Unaona nimesema, na nimebakia mutu.

Siku ya Mungu utapiga simu, najua. Ukiniuliza «dada, uko namna gani», nitakujibu «naendelea», na sasa unajua ile neno inapelekaka mutu wapi. Ukitaka jibu ingine, leta swali ingine. Uniulize: «Ziwa je?» Useme ile neno yenyewe, ziwa ya dada yako, mu kinywa yako, Elsa akisikia, batoto bakisikia, hata mukubwa wako wa bureau asikie. Ikikushinda, usipige. Kredi yako ya simu utumie ku kitu ingine.

Na ile jino uliniandikia inakusumbua, ukipiga uniambie kweli ni jino ao ni nini. Nilikuuliza pale juu sio kwa adabu.

Précieuse anakusalimia. Ameuza kitanda ya yaya, anakulomba usimutafutie ingine. Malachie na nyumba yake banakusalimia. Muzee Omer naye anakusalimia, anapitaka mbali na mimi tangu siku ile, lakini anasalimia. Umusalimie sana Elsa, na ukumbatie Jordy na Bénie, ubaambie shangazi yao angali muzima. Nyamuhanga, Mungu wa bababu yetu, akulinde huko, akufungue kinywa mbele ya kukufungulia kitu ingine chochote.

Wasingya kutsibu, aksanti sana, kwa kusoma mupaka hapa, hata kama ni Bertrand amekushikilia.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda bila kukuficha kitu, na mwenye ziwa moja kutoka juma ijayo,

Hulda